Kambi ya watoto ng'ambo inatutaka sote wawili kazini. Watoto wetu watabaki na nani?

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi na mume wangu tumealikwa kuhudumu kwenye kambi ya Kikristo ya watoto nje ya nchi kwa wiki sita. Mimi ni muuguzi, na mkurugenzi wa kambi anataka nisimamie chumba cha afya. Mume wangu ni fundi umeme. Mchana atafanya matengenezo, jioni atapiga gitaa kwenye ibada. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 8 na mdogo wa miaka 3.

Tumeambiwa watoto "watajiunga tu na wenzao", na hapo ndipo moyo wangu unaposita. Huyu wa miaka 8 bado anakojoa kitandani mara mbili tatu kwa wiki, na amepangiwa bweni la wavulana. Binti anasema haendi huko kuwa yaya wa mdogo wake, na kusema kweli hata mimi sijui atakuwa mwanakambi au mhudumu. Mdogo hakuna aliyemtaja kabisa. Tena tumeandikiwa tuombe viza ya utalii, kwa kuwa hatulipwi mshahara.

Nikimwambia mume wangu tumwandikie mkurugenzi maswali haya, anasema tutaonekana hatuna imani, na kanisa limeshaanza kutuchangia. Natamani sana kwenda. Je, nikubali? Na kama ni kukubali, tuanzie wapi?

Mama wa Watatu

JIBU

Amina, Mama wa Watatu. Nendeni, lakini si kwa mpango huo mliopewa.

Kambi imewahesabu kuwa wahudumu wawili wa kutwa, ilhali mna mtoto wa miaka mitatu. Kwa familia kama yenu hesabu ya kweli ni mhudumu mmoja na nusu. Mwambieni mkurugenzi hivyo kabla ya kukata tiketi, ili naye apange watu wake kwa hesabu sahihi. Mhudumu wa nusu siku anayetegemeka ana faida kwake kuliko wawili wa kutwa wanaoacha kazi kila mtoto wao anapolia. Asipokubali, basi mtakuwa mmelijua hilo kabla ya kutumia hata senti moja ya kanisa.

Kuhusu imani, mwombe baba watoto asome tena Luka 14:28, pale Bwana anapomtaja mtu anayejenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Waliochanga fedha zao nao wana haki ya kujua zinakwenda kwenye mpango uliokamilika. Mkurugenzi mwenye uzoefu hatawadharau kwa kuuliza. Anayeudhika kwa kuulizwa mtoto wa miaka mitatu atalala wapi, huyo msimpelekee watoto.

Sasa tuje kwenye mambo yenyewe, tukianza na hilo la nani yuko na watoto, kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo.

Kila saa ya siku, usiku ukiwamo, mmoja wenu awe mzazi wa zamu. Mzazi wa zamu hana kazi nyingine ya kambi katika saa hizo: hafungi bomba, hapangi viti vya ibada, hagawi dawa. Andikeni kwenye karatasi ya wiki. Kwa mfano, baba ashike zamu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana huku wewe ukiwa chumba cha afya, kisha mbadilishane hadi jioni. Wakati wa ibada baba yuko na gitaa, kwa hiyo wewe ndiye unayemlaza mdogo, na chumba cha afya kinashikwa na mtu mwingine. Karatasi hiyo apewe mkurugenzi, na nakala ibandikwe jikoni na ofisini, ili anayemhitaji muuguzi saa tisa mchana ajue amwite nani badala ya kuja kukugongea mlango mtoto akiwa amelala.

Makabidhiano yafanywe kwa maneno. "Nakukabidhi mdogo." "Nimempokea." Inaonekana ni urasimu kwa mtu na mkewe, lakini kambini ndipo mahali mtoto mdogo anapopotea machoni mwa watu themanini wanaompenda, kila mmoja akidhani mwenzake anamtazama. Watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaoongoza kwa vifo vya kuzama duniani, na anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa huinama nyuma, mdomo huwa sawa na uso wa maji, mikono husukuma chini, na yote huweza kumalizika katika muda usiofika dakika moja. Ulizeni: kuna bwawa, ziwa au mto? Je, umezungushiwa uzio wenye lango linalojifunga lenyewe? Mwokoaji yupo saa zote, au wakati wa kipindi cha kuogelea tu? Nyumba mtakayopewa iko umbali gani kutoka majini? Ikiwa mlango wake unatazama ziwa lisilo na uzio, ombeni nyumba nyingine. Kufuli lenu peke yake halitoshi kwa wiki sita.

Mtoto wako mdogo pia asikae chumba cha afya hata kama wewe upo humo. Humo ndimo zilimo dawa, na ndimo wanamoletwa wanaotapika.

Tukiwa hapohapo, uzungumze na mkurugenzi kuhusu leseni yako. Usajili wa uuguzi wa nchi moja kwa kawaida haukupi ruhusa ya kufanya kazi ya uuguzi katika nchi nyingine, hata bila malipo. Ukichoma sindano au ukiamua dozi huku huna kibali, utakuwa umejiweka hatarini wewe, kambi, na usajili wako nyumbani. Mwandikie hivi: nani ni daktari wa kambi, na je, kuna maagizo yake ya maandishi yanayosema muuguzi atoe nini kwa homa, mzio na pumu? Nani mwenye leseni ya huko atakuwapo au atapatikana kwa simu? Hospitali ya karibu iko mwendo wa dakika ngapi, na nani anaendesha gari usiku? Kama hakuna mwenye leseni, cheo chako kiandikwe kuwa mtoa huduma ya kwanza, na kazi yako iishie hapo.

Siku ya mapokezi ndiyo ngumu kuliko zote. Katika saa mbili unapokea dawa za watoto wote, na makosa mengi ya msimu huzaliwa kwenye foleni hiyo. Kubali dawa iliyo kwenye chupa au pakiti yake ya asili tu, yenye jina la mtoto na dozi. Vidonge vilivyofungwa kwenye mfuko wa nailoni virudishwe kwa mzazi. Hesabu vidonge mbele ya mzazi, mtu wa pili asome fomu kwa sauti wewe ukiandika, kisha kila kitu kifungiwe kwenye kabati lenye ufunguo. Visivyofungiwa ni vile vya kuokoa maisha, yaani kivuta pumzi cha pumu na sindano ya adrenalini ya mzio mkali. Hivyo hutembea na mtoto mwenyewe au na kiongozi wa kundi lake, kwa sababu sindano iliyofungiwa mbali na uwanja wa mpira haina msaada.

Wengi watakaokujia watalalamika tumbo. Chunguza la hatari kwanza: maumivu yaliyokaa upande wa kulia chini, homa, kutapika. Ukishaondoa hayo, uliza mambo mawili: amekwenda haja kubwa lini, na amekunywa maji kiasi gani. Watoto wengi huzuia choo kwa siku tatu au nne kwa sababu vyoo vya kambi ni vigeni au havina faragha. Wengine wanatamani nyumbani, na hiyo huzidi saa za mapumziko na wakati wa kulala. Hao wasiahidiwe kwamba wakishindwa watachukuliwa na wazazi, kwa maana mtoto aliyepewa ahadi hiyo huishi akiisubiri. Mpe kazi ndogo, mwandikishe barua, mrudishe kwenye kundi.

Kutapika ndiko kunakoweza kufunga kambi nzima. Kirusi cha noro, kinacholeta kutapika na kuharisha, hupita kwa chembe chache sana, na dawa za mikono zenye alkoholi hazikiui vizuri. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sekunde 20. Aliyetapika atengwe na asirudi kwenye kundi mpaka zipite saa 48 tangu alipotapika au kuharisha mara ya mwisho. Mpishi naye asiguse chakula kwa muda huohuo, hata kama anajisikia mzima. Sakafu na vitasa vifutwe kwanza kwa sabuni, kisha vipakwe mchanganyiko wa dawa ya klorini: mililita 20 za klorini ya asilimia 5 katika kila lita ya maji, uachwe dakika 5 hadi 10. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, maana nguvu yake hupungua. Na ulizeni kabla ya kwenda: vyumba vya kutengea wagonjwa ni vingapi? Kambi yenye watoto 100 na kitanda kimoja cha wagonjwa haijajiandaa. Wewe ukiugua, au mwanao akiugua, nani anakushika nafasi? Jina liandikwe.

Mume wako naye asidhani kazi yake haina masharti. Katika nchi nyingi kazi ya umeme ndani ya majengo ya umma hufanywa na mwenye leseni ya huko tu. Na kuna hatari ambayo fundi mzuri ndiye anayeingia kwa urahisi: rangi za waya. Marekani na Kanada, waya mweusi ndio wenye moto, yaani unaoleta umeme, na mweupe ndio nyutro, yaani unaourudisha. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao bado umo ndani ya kuta za majengo mengi ya nchi zilizoufuata, mweusi ni nyutro na mwekundu ndio wenye moto. Mfumo wa Ulaya wa sasa unatumia kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro. Mkono uliozoea mfumo mmoja kwa miaka kumi hautafakari, unashika tu. Na volti zenyewe ni tofauti, 120 kule Marekani na Kanada, karibu 230 huku kwetu. Aombe kazi ya rangi, seremala, bustani na vyombo vya sauti, na apime kila waya kwa kipimo hata anapobadilisha balbu. Bima ya safari pia isomwe vizuri: bima nyingi za bei nafuu zimeandikwa kwa mtalii, nazo huondoa ajali ya kazi za mikono au ya kupanda ngazi. Mnataka inayotaja kazi ya kujitolea, matibabu ya watoto wote watatu, na kusafirishwa mgonjwa kurudi nyumbani.

Viza. Hapa tunakuomba usimame imara. Kutolipwa mshahara hakufanyi kazi isiwe kazi. Nchi nyingine huhesabu hata chakula na kitanda kuwa malipo. Afisa wa mpakani akikukuta na barua ya kambi kwenye simu huku umejaza "utalii", anaweza kuirudisha familia nzima kwa ndege inayofuata, na kumbukumbu hiyo itawafuata kila mtakapoomba viza tena. Sheria zinatofautiana sana. Uingereza inamruhusu mgeni kujitolea kwa shirika la hisani lililosajiliwa, lakini kwa jumla ya siku 30 tu, nanyi mnazungumzia wiki sita. Marekani ina viza ya J-1 ya walezi wa kambi, inayofika miezi minne, lakini mwenza na watoto hawaruhusiwi kufuatana na mwenye viza hiyo. Wanaojitolea huko chini ya programu ya shirika la dini au la hisani huomba viza ya wageni ya B-1, bila mshahara wowote isipokuwa kufidiwa gharama za kujikimu. Eneo la Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja, huruhusu kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini kukaa si ruhusa ya kufanya kazi. Hilo huamuliwa na kila nchi. Kwa hiyo, kambi iandike barua yenye majina yenu yote watano, tarehe, kazi mtakazofanya, kwamba hakuna mshahara, nani analipia malazi na chakula, na namba ya usajili wa shirika. Pelekeni barua hiyo ubalozini mwulize ni viza ipi. Mjibu kwa ukweli kila mtakapoulizwa, hata kama jibu linachelewesha safari.

Muda wa maandalizi ni miezi sita, isipungue minne. Pasipoti ziwe na uhai wa miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, na za watoto ndizo zinazosahaulika, kwa sababu katika nchi nyingi huisha haraka kuliko za watu wazima. Chukueni vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha ndoa. Mmoja wenu akitangulia kurudi na mtoto, awe na barua ya idhini ya mwenzake iliyothibitishwa na wakili. Cheti cha polisi cha tabia njema kitatakiwa kwa nyinyi wawili, na mara nyingi kutoka kila nchi mliyowahi kuishi. Kianzeni mapema kwa kuwa hakiharakishwi na maombi ya simu. Kama nchi inadai chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Dawa zenu wenyewe zibaki kwenye pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari. Baadhi ya nchi hukamata hata dawa za kikohozi zenye kodeini.

Fedha zigawanywe mapema kuwa mafungu mawili. La kwanza ni la safari. La pili ni la dharura, nalo lisiguswe: liwe na kiasi cha kununua tiketi za kurudi za wote watano kwa bei ya siku hiyohiyo. Waambieni wachangiaji kwamba fungu hilo lipo, na lisipotumika litarudi au litaendelea na kazi watakayoichagua wao.

Sasa mwanao wa miaka 8. Kukojoa kitandani katika umri huo ni jambo la kawaida, na kambini hata bwenini mwake hatakuwa peke yake. Tungependa alale nanyi juma la kwanza na kushiriki programu ya mchana tu, kisha yeye mwenyewe aseme kama anataka bweni. Akitaka, kiongozi wa bweni aelezwe faraghani, naye asiwaambie wavulana. Tandikeni kitanda kwa tabaka: godoro, kitambaa kisichopitisha maji, shuka, kitambaa kingine kisichopitisha maji, shuka nyingine. Usiku kiongozi anavuta tabaka la juu tu na kitanda kiko tayari, bila taa. Mpe nguo za kulalia jozi nne zinazofanana rangi, ili akibadilisha usiku asionekane asubuhi. Mfuko mweusi wenye zipu ukae chini ya kitanda, na kiongozi aupeleke kufuliwa wavulana wakiwa kwenye kifungua kinywa. Aamshwe kwenda haja ndogo kiongozi anapokwenda kulala, kama saa tano usiku. Vinywaji visikatwe mchana, kwa sababu kambini kuna joto na kukimbia. Viongezwe asubuhi na mchana, vipunguzwe baada ya chakula cha jioni. Kama anatumia desmopressini, dawa ya kupunguza mkojo wa usiku, masharti yake ya kutokunywa maji mengi usiku ni ya lazima, na isianze kutumiwa kambini. Ijaribiwe nyumbani majuma kadhaa kabla. Akichekwa, mwondoe bwenini usiku huohuo bila hotuba.

Mchana, mwacheni awe mwanakambi kweli. Kiongozi wa kundi ndiye anayemrudi, nanyi msimpinge mbele ya watoto. Msimtembelee uwanjani, maana mtoto mwingine anayelilia mama yake akimwona wa mwenzake anakumbatiwa, kilio huanza upya. Wekeni saa moja maalumu, mkutane nyumbani kwenu, nyinyi watano, mle mlo mmoja kwa siku bila mgeni yeyote. Na siku moja kwa juma mtoke kambini kabisa. Siku hiyo iwe kwenye makubaliano, la sivyo italiwa na bomba lililopasuka.

Binti yako amesema jambo la haki. Miaka 14 si umri wa kuwa mhudumu, wala asihesabiwe kwenye idadi ya walezi. Chama cha Makambi cha Marekani, kwa kambi za kulala, hutaka mlezi mmoja kwa watoto 6 wenye miaka 6 hadi 8, mmoja kwa watoto 8 wenye miaka 9 hadi 14, na mmoja kwa 10 wenye miaka 15 hadi 17. Ulizeni kambi yenu inafuata uwiano upi, na kama katika hesabu yao wamemweka mtoto yeyote. Yeye aandikishwe kama mwanakambi katika majuma ya rika lake. Majuma mengine afanye kazi aliyoichagua, saa mbili au tatu kwa siku, jikoni au kwenye ufundi wa mikono, pamoja na mtu mzima wa kike zaidi ya mmoja. Asilale chumba cha wahudumu wa miaka 19 na 20, alale kwenu. Kumwangalia mdogo wake kuwe kwa saa zilizoandikwa, chache, na anaruhusiwa kukataa. Mpeni haya kabla ya safari, yakiwa kwenye karatasi, naye aongeze sharti lake moja. Mara nyingi upinzani wa kijana wa umri huu hupungua akijua atakuwa nani huko.

Usalama wa watoto wa watu wengine una kanuni ambazo familia huzivunja kwa upendo. Msiwe na mwanakambi mmoja peke yake mahali pasipoonekana, hata wewe muuguzi: mlango wa chumba cha afya uwe wazi au awepo mtu mzima wa pili. Wanakambi wasiingie nyumbani kwenu, hata rafiki mpenzi wa mwanao. Msibadilishane namba za simu na watoto, wala msitoe zawadi kwa mtoto mmoja mmoja. Picha za nyuso zao msizitume kwa wachangiaji wala mitandaoni bila idhini ya maandishi ya wazazi. Pigeni picha za mikono ikifanya kazi, majengo na familia yenu. Mtoto akikuambia kwamba anaumizwa nyumbani, jambo ambalo huletwa zaidi kwa muuguzi kuliko kwa mhubiri, msikilize bila kushtuka, usimwahidi siri, usimhoji kwa undani. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na saa, na siku hiyohiyo umpe anayehusika na ulinzi wa watoto. Katika nchi nyingi sheria inakulazimisha, na baadhi zinataka wewe mwenyewe upige simu kwa mamlaka.

Kuhusu ibada, neno moja kwa baba wa gitaa, ambaye pengine ataombwa kuhubiri. Kwa mkalimani, dakika 7 huwa 14, na mtoto wa miaka 8 hawezi kusikiliza zaidi ya hapo. Aseme sentensi fupi nzima, anyamaze, asikatize katikati ya wazo. Nyimbo za vitendo zifundishwe kwa lugha ya wenyeji hata ikiwa kibwagizo tu. Mwaka 1868 Josiah Spiers aliandika maneno "Mungu ni upendo" kwenye mchanga wa ufukwe wa Llandudno, Wales, akawaalika watoto wayapambe kwa kokoto, kisha akawasimulia. Mikono yao ilikuwa na kazi kabla masikio hayajaombwa kusikiliza, na mpangilio huo bado unafaa. Mtoto anayetaka kumpokea Yesu azungumze na mlezi wake anayejua lugha yake, polepole, kesho yake pia. Asiitwe mbele usiku wa mwisho akiwa amechoka na wenzake wote wanalia.

Mfike siku tatu au nne kabla ya mafunzo ya wahudumu, hasa mkivuka saa nyingi za majira. Mdogo atakuwa macho saa tisa usiku kwa siku kadhaa, na mzazi wa zamu hapaswi kuwa na kazi asubuhi yake. Kama kambi iko porini Amerika Kaskazini au Ulaya, kagueni kupe kila jioni: nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti, kwenye mapaja karibu na nguo ya ndani. Ng'oeni kwa kibano, mkishika karibu na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kupinda, bila mafuta wala moto. Ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, kwa kawaida huhitaji kupe akae mwilini zaidi ya saa 24, ndiyo maana ukaguzi wa kila siku una faida.

Basi wiki hii mwandikieni mkurugenzi barua moja: kwamba mnatoa mhudumu mmoja na nusu, karatasi ya zamu, maswali ya chumba cha afya, vyumba vya kulala, maji na uzio, uwiano wa walezi, siku ya mapumziko, na barua ya ubalozi. Mpeni siku 14. Tiketi zisikatwe mpaka majibu yawe mkononi kwa maandishi na viza ziwe kwenye pasipoti.

Na mkirudi, mtu yeyote kati yenu akipata homa ndani ya miezi mitatu, mwambieni daktari mlikokuwa kabla hajauliza. Vivyo hivyo mkiwa kule, kama mmetoka au mmepita eneo lenye malaria: daktari wa huko huenda asiifikirie, nawe ndiwe utakayemwomba aipime siku hiyohiyo.